Waliongoja Nipokee Simu

Akinyi mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizia hali. Yako naisikia kutoka hapa mezani. Unakoroma kama marehemu baba yako, na kesho utakataa vilevile alivyokuwa akikataa yeye. Lala. Lodwar si Kakamega, kwamba utaenda asubuhi urudi jioni.

Mambo ya kuchemsha maji, kulala ndani ya neti na kutomwamini kila anayekuita dada sikuandikii. Umeyasikia tangu ukiwa na meno ya utoto, na nikiyaanza tena utafungia mandazi karatasi hii kabla hujafika nusu. Nina jambo moja, na limenikaa kooni tangu Jumapili.

Jumapili ulisimama hapo mlangoni ukiongea kwa simu. Mimi nilikuwa jikoni naparua samaki, hukujua kama nasikia. Ulikuwa unaongea na Ekai, yule fundi wa visima, mmoja wa watu unaokwenda kuwasimamia. Nilivyoelewa, pampu ya kisima kimoja imekufa, naye anataka kuifungua aone kama ataweza kuitengeneza. Ukamwambia, "Hapana, Ekai. Msiguse kitu mpaka nifike." Kisha ukakata simu, ukatabasamu peke yako.

Yawa, Akinyi! Kisu kilinianguka. Maneno ni ya kazi na kila mkubwa huyasema, hayo ningeyaacha yapite. Ni lile tabasamu. Nalijua, maana ni langu. Ni tabasamu la mtu aliyegundua kwamba mahali fulani kuna watu hawawezi kusogea bila yeye, na moyo wake umepata joto. Hukumuuliza Ekai watu wa pale wanakunywa maji gani mpaka wewe ufike. Sikulaumu. Mimi pia sikuwa nikiuliza.

Kwa hiyo nitakuambia kilichonitoa ziwani. Najua nilikuambia ni mgongo. Mgongo wangu ni mzima kabisa.

Unakumbuka nilivyoanza kule kwenye vizimba, kupima chakula cha samaki kwa ndoo, nanuka hadi wewe na mdogo wako Omondi mnafunga pua nikiingia. Wenzako shuleni walidhani mama yako ni mvuvi, na wewe uliwaeleza kwa subira kama mwalimu: vizimba ni vyumba vya nyavu vinavyoelea katikati ya maji, samaki aina ya ngege wanafugwa humo kama kuku. Usichokijua ni jinsi wazee wa pale ufuoni walivyonipokea. "Mwanamke akipanda boti, samaki wanakimbia," walisema, tena mbele yangu, kama kwamba sipo. Siku nilipofanywa meneja, mmoja alitema mate chini akaondoka zake. Nikaapa moyoni kwamba chini ya mkono wangu halitaharibika jambo hata moja, wasije wakasema tulijua.

Na njia niliyoiona ya kuzuia jambo lisiharibike ni kuhakikisha hakuna jambo linalofanyika bila mimi. Nilikuwa na neno langu: Piga kwanza. Wavu umetoboka? Piga kwanza. Mafuta ya boti yanaisha? Piga kwanza. Samaki hawali? Usifikirie, piga kwanza. Simu yangu ililia kanisani, ililia msalani, ililia kwenye harusi ya mjomba wako mpaka pasta akanyamaza kunitazama. Nami kila mtu nilimlalamikia: "Hawa watu! Bila mimi hawawezi kitu!" Lakini nilikuwa nalalamika kama mtu anayelalamika kwamba ameshiba.

Msimamizi wa boti alikuwa Ouma, mtu wa Uyoma. Ulimwona mara moja hapa nyumbani, alileta samaki wa Krismasi ukamcheka kwa kuvaa koti la suti na ndala. Ouma alizaliwa pembeni ya maji na alikuwa mtu wa utani. Kabla yangu, alikuwa akiamka, anazunguka vizimba, akiona shimo anashona, kisha ndio anakunywa chai. Hakumuuliza mtu.

Siku moja alasiri aliona mawingu upande wa Homa Bay, akawatoa watu wote majini. Ile mvua haikuja. Ilipita mbali, ikanyesha kwa wengine. Wakati vizimba havina mtu, wezi walikuja wakakata nyavu mbili wakaondoka na samaki. Wakubwa wa Nairobi walinipigia wakanipasha mpaka masikio yakawaka, nami nikashuka ufuoni na hasira yote ile mkononi. Nikawasimamisha wote kwenye mstari.

"Nani alikupa ruhusa ya kutoka?"

"Madam, hiyo mawingu ilikuwa mbaya," Ouma akasema. "Nina watu ndani ya maji. Ningengoja nini?"

"Ungenipigia!"

"Network ilikuwa inasumbua, Madam."

"Basi ungengoja ipatikane! Hapa anayefikiria ni mimi. Wewe kazi yako ni boti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, umenielewa?"

Nikamsimamisha kazi wiki mbili bila mshahara, wanaume aliowazidi umri na ujuzi wakimtazama viatu. Nilirudi ofisini natembea kifua mbele. Wale wazee walikuwa wameona, na nilitaka waone.

Nitakuambia ukweli wote, usije ukadhani nakutungia hadithi ya malaika na shetani. Siku ile Ouma alikosea. Mawingu hayakuwa na kitu. Na kampuni ilipata hasara kweli. Lakini mtu aliyekosea kwa kuwaokoa watu, ukimfunza kwamba kosa lake lilikuwa kuamua, umemfunza nini? Mimi sikujiuliza. Nilikuwa nimeshinda.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Utani uliisha. Nikiitisha kikao nawauliza maoni, wote wanatazama chini, Ouma anasema, "Vile Madam atasema." Mimi nikaona ni nidhamu! Asubuhi nafika naona wavu una tundu, samaki wanatoka mmoja mmoja wanajiendea zao, na wanaume wazima wamesimama pembeni, uzi na sindano mkononi.

"Mbona hamshoni?"

"Tulikuwa tunakungoja, Madam."

Kazi iliyokuwa ya saa moja ikawa ya siku. Boti ilikuwa inakaa ufuoni ikingoja nione mwenyewe kama inavuja. Chakula kikalowa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuhamisha magunia. Na jaketi za kuokolea zilikuwa zimechakaa. Ouma aliniambia kuna duka mjini wana nzuri, anaweza kwenda kuchukua. Nikamwambia angoje, nitaenda kuziona mwenyewe, nisije nikauziwa takataka. Sikuwa nimeenda. Kila wiki nilikuwa nakwenda wiki ijayo. Na ripoti nilizoandika Nairobi zilisema wafanyakazi ni wazembe. Nimewafunga miguu mwenyewe, kisha nawashtaki kwamba hawakimbii.

Sasa nafika pale nisipotaka kufika.

Wakubwa walikuja kutoka Nairobi. Tulikaa kwenye hoteli moja mjini, chumba cha juu, madirisha yanatazama ziwa. Nilivaa lile gauni la bluu. Ulikuwa mwaka wa pili chuoni, na nilitaka sana mkutano ule uende vizuri kwa sababu ya karo yako. Simu yangu nilikuwa nimeiweka mezani. Ikaanza kutetemeka. Ouma. Nikaigeuza kifudifudi. Ikatetemeka tena. Yule mkubwa wao akasema, "Pokea tu, pengine ni muhimu."

Nikacheka, Akinyi. Nikasema, "Ah, hao! Hata wakitaka kukohoa lazima waniulize kwanza. Nikipokea hatutamaliza leo."

Wote wakacheka. Mkubwa akawaambia wenzake, "Mnaona? Huyo ndiye meneja." Na mimi, mama yako, nikajimiminia chai nyingine nikiwa na furaha tele. Simu ikatetemeka tena na tena chini ya mkono wangu, kisha ikanyamaza. Nje miti ilikuwa imeanza kuinama, mhudumu akaja akafunga madirisha. Nikasema moyoni, wangekuwa na shida wangepiga tena. Nikauchukulia ule ukimya kuwa habari njema.

Yaliyotokea niliambiwa na Wafula, mmoja wa waliokuwa na Ouma, baba wa watoto watatu kutoka Bungoma. Walikuwa watu wanne vizimbani. Upepo ulipogeuka, wote walisema twende. Ouma alikuwa tayari ameshika kamba ya boti. Kisha akaiachia. Akasema, "Tumpigie kwanza." Wafula alimwambia, "Wewe ndiye unajua maji, si yeye." Ouma akamjibu kwamba alishajua maji mara moja, na wote waliona alivyolipwa. Akapiga. Akapiga. Walisimama pale juu ya mbao wakiangalia simu kama watu wanaongoja daktari atoke chumbani, na ziwa linabadilika mbele ya macho yao. Mawimbi yalipoanza kupanda juu ya vizimba, ndipo Ouma akasema, "Basi. Wacha nifutwe kazi. Twendeni."

Boti ilipinduka kabla ya nusu ya njia. Jaketi nzima zilikuwa mbili, na Ouma hakuvaa yoyote. Watatu walitoka wakiwa wameshikilia mitungi na mbao. Yeye hakutoka.

Wavuvi wa pale waliacha shughuli zao wakamtafuta. Wale wazee walionikataa waliingia na mitumbwi yao. Nilikaa ufuoni na gauni la bluu lililolowa mvua mpaka likakauka mwilini, mtu akanifunika leso, sijui ni nani mpaka leo. Alipatikana siku ya tatu, upande wa magugu.

Kampuni ilituma watu wa kuuliza maswali. Wakaandika kwamba ni upepo. Mimi nikasema ndiyo, ni upepo. Hata wewe uliponipigia kutoka chuoni unalia, maana ulimkumbuka mtu wa suti na ndala, nilikuambia ni upepo, mwanangu, mapenzi ya Mungu. Hapana mtu aliyeniuliza kuhusu simu. Na ni kweli upepo ulikuwepo. Lakini upepo uliwapa nafasi ya kuondoka. Ni mimi niliyeila ile nafasi, pamoja na chai.

Nilikwenda mazishini Uyoma. Nilipeleka mchango wa kampuni, nikasimama nikasema maneno kuhusu mfanyakazi mwaminifu. Watu wakaitikia. Baadaye nikaingia kumpa pole mke wake, yule tunayemwita Nyar Ugenya, binti wa Ugenya. Alikuwa ameketi chini, amenyoosha miguu. Aliushika mkono wangu hakuuachilia. Alisema taratibu tu, wala hakupandisha sauti:

"Madam, mimi pia alinipigia. Kabla hajatoka huko. Nikamwambia, baba Atieno, toka kwa maji. Akaniambia, ngoja kidogo, Madam atapokea tu." Kisha akaniuliza, "Hapa kwake alikuwa anaamua kila kitu. Boma hii yote ni yeye aliamua. Sasa huko kwenu mlimfanya nini?"

Nilirudi Kisumu, nikaandika barua ya kuacha kazi, nikafungua lile duka la chakula cha kuku kule Mamboleo, nikawaambia ni mgongo. Ninyi mnanitania kwamba simu yangu haimalizi kulia mara moja kabla sijaipokea. Hata wateja wananicheka, "Mama Akinyi, kwani unaposwa?" Nawacheka pia. Sasa wewe unajua.

Na si kazini tu, hilo ndilo linaloniuma zaidi leo ukiwa umefunga virago. Unakumbuka Omondi alipopata degedege? Ulikuwa na miaka kumi. Sheria ya nyumba hii ilikuwa mlango haufunguliwi mpaka Mama arudi, na niliisema kwa sauti ile ile niliyokuwa nayo ziwani. Jirani yetu Mama Brayo ni nesi, ukuta mmoja tu katikati. Nilipofika nilikukuta umekaa sakafuni umemkumbatia, umemfunika kitambaa chenye maji, macho yamekutoka. Nikapiga kelele, "Kwa nini hukumwita Mama Brayo?" Ukaniambia, "Ulisema tusifungue." Mungu ni mwema, Omondi yule anakula ugali wa watu watatu. Nami nilikusifu, kumbuka. Niliwaambia majirani, Akinyi wangu ana adabu, ukimwambia ngoja anangoja. Nilijivunia kitu ambacho kingemuua mwanangu, na bado sikujifunza. Mpaka leo ufunguo wa mlango huo unalala chini ya mto wangu, na wewe, injinia mzima, ukitaka kutoka alfajiri unanigongea kwanza.

Kwa hiyo usidhani nakulaumu kwa lile tabasamu. Ulilinyonya kwangu.

Simjui Ekai. Pengine ni mvivu. Pengine ataifungua hiyo pampu aiharibu kabisa, na utafika ukute vipande kwenye gunia, na wakubwa wako watakupasha masikio kama nilivyopashwa. Inawezekana, sikudanganyi. Utakasirika, nawe hasira unazo, hizo nazo ni zangu. Siku hiyo kumbuka kwamba unaloliamua mbele ya watu wako wanalisikia wote, na wataliishi siku ambayo wewe hupo. Huko uendako, umesema mwenyewe, kuna sehemu mtandao hakuna siku nzima. Watu wako hawatakuwa hata na simu ya kupiga. Watakuwa na ulichowafunza tu.

Na hao mabibi wenye mitungi pale kisimani hawakujui, Akinyi. Hawana habari kwamba injinia mpya amepanda basi Kisumu. Wao wanajua tu kwamba maji hayatoki, na kwamba yuko fundi amekaa kando ana spana mkononi, ameambiwa angoje.

Basi mpigie Ekai. Mpigie kabla hujapanda gari, kabla hata ya chai. Muulize anaonaje, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Hilo ndilo pekee ninalokuomba, na hata hilo, ukiona vingine, ni wewe utakayejua. Kazi ni yako, mimi ni muuza chakula cha kuku.

Ukifika salama niambie, nitapokea kabla haijalia vizuri. Lakini ukiwa na la kuamua, usinipigie kwanza.

Nimesimama mara moja katikati ya barua hii nikaenda mlangoni, nikarudi. Saa yako ikifika, chukua mizigo yako uende. Usinigongee. Nitakuwa macho, nitasikia hatua zako mpaka getini, na sitatoka. Ufunguo nimeuacha mlangoni.

Mama yako